Malalamiko ya Fundi Aliyeitengeneza Vepu

Kwa Mhariri,
Gazeti lenye ukurasa wa "Kona ya Mzazi".

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WENU WA KUZUNGUMZA NA VIJANA, AMBAO NILIUFUATA NA UKAFANYA KAZI

Baada ya kukujulia hali wewe na wote mnaoshinda humo ofisini mkitafuta herufi zilizokosewa, naomba kuwasilisha malalamiko saba. Ningeweza kuyaleta kwa mdomo, lakini siku hizi nimechoka kuongea, na kuchoka huko ndiko kunakonifanya niandike.

Mimi ni fundi wa redio, simu, feni, pasi na chochote chenye waya. Chumba changu cha kazi kiko kati ya saluni ya kina mama na fundi viatu, na upana wake unatosha mimi na mteja mmoja asiye na mkoba. Nakiri mapema, nisije nikaonekana tapeli, kwamba gazeti lenu sikulinunua. Mteja aliniletea pasi iliyofungwa ndani yake. Lakini nililisoma lote, pamoja na matangazo ya vyeti vilivyopotea, na nadhani mtu aliyefika hadi kwenye vyeti vilivyopotea ana haki ya kulalamika.

Nina binti mmoja, ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari. Kabla ya gazeti lenu, mimi na yeye tulielewana vizuri mno. Asubuhi alisema, "Shikamoo baba," nami nikaitikia, "Marahaba." Jioni aliniuliza, "Baba, chaja iko wapi?" nami nikamwonyesha kwa kidole. Mwaka mzima uliweza kupita hivyo bila mtu kumkwaza mwenzake. Mke wangu anafanya kazi kiwanda cha mikate na huondoka nyumbani kabla jua halijatoka. Yeye alikuwa akisema, "Nyie wawili mnaishi kama wapangaji." Mimi nilidhani anatusifu.

Sasa nieleze kisa chenyewe, maana bila kisa nitaonekana mtu aliyeamka vibaya.

Jumapili moja mke wangu alikuwa anafua sare za shule. Chini ya povu, kwenye beseni, akatoa kidude kirefu kama kidole, cha rangi ya waridi, chenye tundu dogo juu na mahali pa kuchajia chini. Akanirushia. Mke wangu anaamini kwamba kila chenye mahali pa kuchajia ni changu. Kesho yake nikakifungua kazini. Kilikuwa kimeingia maji na waya mmoja wa betri umeachia. Nikakianika, nikakisafisha kwa spiriti, nikaulehemu ule waya kwa utulivu ninaowawekea wateja wanaonisalimia kabla ya kulaumu. Kukibonyeza, kikatoa mvuke unaonukia tikiti maji.

Ndugu Mhariri, nilifurahi. Nilijua moja kwa moja kwamba ni kifaa cha kunukiza chumba, maana chumba cha binti yangu kilikuwa kinanukia tikiti maji tangu mwezi uliopita, na nilikuwa nimeshampongeza mama yake kwa kubadilisha sabuni.

Jioni, mezani, mbele ya mama yake, nikamkabidhi mwenyewe. Nikamwambia, "Kilikuwa kimekatika waya. Sasa kitakaa miaka." Akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante baba," na hakula tena.

Wiki mbili baadaye nikaitwa shuleni. Mwalimu wa nidhamu ni mtu mrefu, mwenye uso wa mtu ambaye visingizio vyote alishavisikia na anangoja vipya. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango akisoma viatu vyake. Juu ya meza, kwenye karatasi nyeupe, kililala kile kidude, mfuniko wake umebanduliwa. Mwalimu akaniuliza, "Mzee, hiki unakitambua?" Nikainama. Nikaona ile lehemu yangu, ya duara, safi, haina mkia. Nikamwambia, "Ndiyo, mwalimu. Hii kazi ni yangu."

Akaacha kuandika. Nami, kwa kuwa nilimwona amevutiwa, nikaongeza, "Kama mnazo nyingine zimeharibika, nileteeni."

Hadi leo kwenye faili la binti yangu imeandikwa: Mzazi amekiri.

Ndipo nikaelezwa. Kumbe ile inaitwa vepu. Ni sigara ya kielektroniki, na binti yangu alikutwa chooni akiivuta kati ya somo la hesabu na somo la hesabu, kwa sababu siku hiyo walikuwa na vipindi viwili. Nilirudi nyumbani masikio yakiniwaka moto. Mke wangu aliposikia alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Halafu akajifuta macho kwa upande wa kanga, na hayo hayakuwa machozi ya kicheko. Kisha akatoa hukumu: "Wewe uliyeitengeneza ndiye utakayezungumza naye. Na usimpigie kelele, maana atakuuliza ni nani aliyemlehemia."

Siku iliyofuata ndipo ilipokuja ile pasi, imefungwa ndani ya gazeti lenu, na ndani ya gazeti makala yenye kichwa "Vijana na Vepu: Zungumza Naye Kabla Hajafunga Mlango". Mshauri wenu alitoa maelekezo saba. Niliyafuata kama ninavyofuata mchoro wa redio, bila kuruka hatua. Matokeo ni haya:

1. MSHAURI ALISEMA: MSIANZE KWA UKALI.

Alisema hivyo wakati hotuba yangu nimeshaitunga. Ilikuwa hotuba ya dakika arobaini, inayoanzia "Sisi enzi zetu" na kupitia shida zote nilizopata nikijifunza ufundi, hadi kwenye siku ile umeme uliponirusha nikaangukia ndoo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya feni ya mteja, na feni ile ilitikisa kichwa kushoto na kulia kwa masikitiko makubwa. Hotuba nzuri kama ile kubaki tumboni ni jambo la hatari. Siku mbili nilisikia gesi. Kama Mshauri anajua mtu afanye nini na hotuba isiyotolewa, angesema hapo hapo.

2. ALISEMA: FANYENI KAZI PAMOJA, ILI MUONGEE BILA KUTAZAMANA USONI.

Alitoa mfano wa gari: mzazi anaendesha, kijana yuko pembeni. Mimi sina gari. Jumamosi nikamwita binti kazini aje anishikie tochi nikitengeneza redio ya mama mmoja wa mtaa wa pili, mama ambaye redio yake haijawahi kupona mwezi mzima mfululizo. Binti akaja amenuna, akaishika tochi kama mtu aliyeshikishwa samaki. Saa nzima hatukusema kitu. Nikaanza kufurahi kwamba ushauri wenu umeshindwa.

Halafu akauliza, "Baba, hicho cheusi ni nini?"

Nikamweleza. Akauliza kingine. Akaniomba ajaribu chuma cha kulehemu. Ndugu Mhariri, nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na mkono wangu unatetemeka kidogo kwenye nyaya nyembamba. Wake hautetemeki. Wiki iliyopita yule mama wa redio alichungulia mlangoni akaniangalia, akauliza, "Yule fundi msichana hayupo leo?" na nilipomwambia hayupo, akasema atarudi. Malalamiko kamili ya jambo hili nitayaandika kivyake.

3. ALISEMA: ULIZENI MASWALI AMBAYO HAYAJIBIKI KWA NDIYO AU HAPANA.

Hapa ndipo mlipoanza kuniumiza hasa. Mimi maswali yangu yote ni ya ndiyo na hapana. Imewaka? Haijawaka? Nikakaa nikatunga moja. Nikamuuliza, macho yangu yakiwa ndani ya redio: "Hebu nieleze, hiyo vepu ilianzaje?"

Mshauri hakututahadharisha kwamba swali kama hilo linajibiwa.

Alinieleza kwamba kuna msichana darasani kwao wanamwita Meneja, kwa sababu kila kitu kipya hupita kwake. Meneja alimpa avute mara moja tu, nyuma ya maktaba, siku walipofeli jaribio la kemia wote wawili. Ilikuwa na ladha ya pipi. Meneja alisema ni mvuke tu, kama wa sufuria. Alivuta ili asionekane mtoto. Mara ya tatu alivuta kwa sababu alitaka. Baada ya hapo, alisema, hakukumbuka tena kutaka au kutotaka. Akiamka, mkono wake unaitafuta chini ya mto kabla hajafumbua macho. Vipindi viwili vikifuatana, vidole vinaanza kucheza na hasikii mwalimu anasema nini. Kwenye mazoezi ya kukimbia, yeye aliyekuwa akimaliza wa pili, alisimama katikati ya uwanja akikohoa huku wenzake wakimpita.

Halafu akasema, "Baba, nilijua nitaacha siku yoyote nikitaka. Hiyo siku yoyote haijafika."

Alisema kwa sauti ya chini, tochi ikiwa imenyooka vilevile. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha moto na sikukumbuka kukiinua. Kitufe cha kutafutia stesheni kwenye redio ya yule mama kiliyeyuka. Gazeti lenu ndilo la kulaumiwa kwa kitufe hicho.

4. ALISEMA: SIKILIZENI KULIKO MNAVYOSEMA.

Nilisikiliza. Binti akaniuliza kama naumwa.

5. ALISEMA: TOENI UKWELI, MSITISHE.

Nilikuwa tayari kumwambia kwamba mapafu yake yatageuka jiwe na meno yatamdondoka siku ya mahari. Nilishafungua mdomo. Nikakumbuka makala, nikaufunga. Badala yake nikaitoa ile vepu kwenye droo, maana mwalimu alikuwa amenirudishia "kama fundi", nikaiweka mezani na bisibisi ndogo, nikamwambia, "Ifungue wewe."

Akaifungua. Nikamwonyesha betri, nikamwambia betri za namna hii nimeziona zikivimba na kushika moto, na hii inakaa sentimita chache kutoka usoni mwake. Nikamwonyesha ule waya mwembamba uliojikunja, unaopata moto hadi kuwa mwekundu. Nikamwonyesha kijipamba kinacholowa ile dawa ya tikiti maji. Pamba, Ndugu Mhariri, ilipotoka kiwandani ilikuwa nyeupe. Hii ilikuwa ya rangi ya maji ya mtaro, na katikati, pale ilipougusa waya, ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Akaigusa kwa ncha ya bisibisi. Ikavunjika kama mkate uliokauka.

Akasema, "Hiki ndicho ninachovuta?"

Nikamwambia, "Ndicho. Siyo mvuke wa sufuria. Humu mna nikotini, na nikotini ndiyo inayotafutwa na mkono wako asubuhi. Nesi wa zahanati niliyemuuliza aliniambia ubongo wa mtu wa umri wako bado unajengwa, na hii inaingia wakati mafundi wako kazini. Vingine vinavyoingia kifuani humo, na vitafanya nini miaka ishirini ijayo, sijui."

Mnaona? Sijui. Sikuwahi kumwambia neno hilo tangu azaliwe. Alipokuwa mdogo akiuliza kwa nini mwezi unatufuata, nilimwambia unatupenda. Sasa neno limeshatoka na halirudi. Amegundua kwamba kuna vitu baba hajui na ameanza kuvitafuta kimoja kimoja, kama anayepekua begi.

Kisha akaniuliza kwa nini sikumgombeza. Nikajibu ukweli: gazeti limekataza. Akacheka, kicheko kikubwa, hadi fundi viatu akachungulia. Halafu kikageuka kikawa kilio. Makala yenu haina hata mstari mmoja kuhusu baba afanye nini hapo. Nilimpa kile kitambaa ninachofutia skrini. Ni safi, hakiachi nyuzi.

6. ALISEMA: KUWENI MFANO.

Binti akausoma mstari huu kabla yangu. Nilikuwa nimeibandika makala ukutani, juu ya mita ya umeme, nipate kuifuata vizuri. Akaniuliza, "Mimi nikiacha vepu, wewe baba unaacha nini?"

Nikamjibu kwamba mimi sivuti, sinywi, nalala mapema. Akanyoosha kidole kwenye kikombe changu. Ndugu Mhariri, ninakunywa chai yenye vijiko vitano vya sukari, mara sita kwa siku, na nesi yuleyule wa zahanati, ambaye nilidhani namuuliza habari za watu wengine, alikuwa ameshanionya juu yangu mwenyewe. Tukapeana mikono. Tukaandika kwa chaki nyuma ya mlango, upande wake na upande wangu, siku kwa siku.

Sitaki kusema mengi kuhusu wiki ile. Saa kumi za jioni, yeye anatoka shule vidole vinacheza, mimi nimekaa natazama chai isiyo na sukari kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Alikuwa mkali kama betri iliyovimba. Nilikuwa mkali kuliko yeye. Nilimfokea mteja kwa sababu feni yake ina mapanga matatu. Mke wangu alihamishia mito yake sebuleni, akasema atarudi chumbani serikali ikitulia.

Siku ya kumi binti akaja kazini, hakukaa. Akafuta namba yake kwenye mlango kwa kiganja. Akasema, "Nimevuta. Ya Meneja. Mara mbili." Alisimama akingoja. Nilijua anachongoja, na ile hotuba ya dakika arobaini ilinifika hadi kwenye meno. Lakini Mshauri ameandika kwamba kuteleza si mwisho, msiadhibu, anzeni upya. Isitoshe, asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimejificha saluni, chini ya lile bakuli la kukaushia nywele, nikanywa kikombe cha vijiko saba. Nikainuka nikafuta namba yangu. Tukaandika moja na moja.

Sasa niulize: mzazi wa nyumba gani anafikishwa mahali anakiri kwa mwanawe makosa ya chai?

7. ALISEMA: MAZUNGUMZO HAYA SI YA SIKU MOJA, YAENDELEZENI.

Hili ndilo lalamiko kubwa, na mengine sita yangeweza kusameheka.

Yanaendelea. Hayakomi. Nikisikiliza taarifa ya habari, anaongea. Nikiwa bafuni, anaongea kupitia mlango. Anaongea kuhusu nywele, kuhusu mwalimu wa kemia ambaye hufunga mkanda juu ya tumbo, kuhusu iwapo watu hupendana hadi mwisho au huzoeana tu. Aliniuliza kama nilitaka mtoto wa kiume. Aliniuliza hivyo nikiwa juu ya ngazi nafunga balbu! Nilishuka, nikamwambia nilichotaka ni mtoto atakayepona, kwa sababu alizaliwa mdogo, akalazwa siku kumi na moja kwenye kile kisanduku cha joto, na mimi fundi mzima nilisimama nje ya kioo nikitazama zile nyaya bila ruhusa ya kugusa hata moja. Kisha nikamwambia kwamba mapafu yake ndiyo yaliyosumbua wakati ule, na kwamba yalipoanza kufanya kazi yenyewe nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikashindwa kuvaa kiatu. Sikuwa nimepanga kuyasema hayo. Hata mama yake hajui habari ya kiatu. Mmenitolea siri yangu, Ndugu Mhariri, mchana kweupe, juu ya balbu.

Na kama vile hayo hayatoshi, akawaambia wenzake.

Jumamosi iliyofuata alikuja Meneja mwenyewe. Nilimtarajia mtu mwenye mapembe. Ni msichana mdogo, mwembamba, mwenye kikohozi. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Shikamoo anko fundi. Nimesikia wewe unasikiliza." Akaweka mezani vepu nne, akaomba azifungue aone pamba. Wiki iliyofuata walikuja watano. Wiki hii walikuwa tisa, na benchi halikutosha, wakaazima la fundi viatu, na fundi viatu badala ya kulalamika akaacha kushona akasogea kusikiliza. Droo yangu ya vipuri sasa imejaa vepu zilizokufa, harufu ya kila tunda, na mteja akifungua mlango anadhani ameingia duka la matunda linalouza redio.

Nao si wote wameacha. Nisiseme uongo. Wawili wameacha, watatu wanasema wameacha, na mmoja anakuja kwa sababu ya benchi. Lakini wote wanaongea, na kila mmoja anangoja nimalize kusikiliza kabla hajaondoka.

Mwisho, siku ya Jumatano, alikuja mwalimu wa nidhamu. Nikadhani amekuja kufunga karakana. Alisimama mlangoni, akavua miwani, akasema kwamba kijana wake wa miaka kumi na sita hamwambii kitu, hata akimwuliza saa. Akasema, "Nawashika watoto wa watu kila siku, wangu sijui anakaa na nani. Wewe mzee unawafanyaje?" Nikampa tochi ashike. Aliishika saa nzima, mkono umenyooka, na tukafanikiwa kuitengeneza ile redio ya mama wa mtaa wa pili. Ameahidi kurudi na kijana wake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kwa heshima zote, ninadai yafuatayo. Kwanza, makala ile iondolewe, au juu yake yaandikwe maneno makubwa: TAHADHARI, USHAURI HUU UNAFANYA KAZI. Pili, Mshauri aandike makala nyingine ya kuelekeza mzazi jinsi ya kumaliza mazungumzo aliyoyaanzisha, ili watu wasikilize taarifa ya habari. Tatu, Mshauri mwenyewe aje akae kwenye benchi langu Jumamosi moja, kuanzia saa tatu asubuhi, aone alichokifanya. Nne, nirudishiwe ukimya wangu kama ulivyokuwa: salamu asubuhi, chaja jioni. Nilikuwa mtu wa amani.

Nisalimie wachapaji, wasambazaji, dada anayepokea simu, mlinzi wa getini, na yule anayepanga matangazo ya vyeti vilivyopotea, mwambie anafanya kazi nzuri. Mke wangu anawasalimu. Yeye hana lalamiko lolote na amekataa kutia sahihi.

Ni mimi, niliyewasoma nikiwa nimekunja uso,

Fundi Redio,
mlango wa kati, baina ya saluni na fundi viatu.

N.B. Barua hii niliimaliza Ijumaa, nikachelewa kuituma kwa sababu binti alikuwa anasafiri kwenda kwa shangazi yake kwa wiki moja ya likizo, na nilimsindikiza hadi kituoni. Leo ni Jumatatu. Wenzake nao wako likizo, benchi liko tupu. Nimepata ukimya niliodai, wote, bila kupungua. Hadi mchana nilikuwa nimetengeneza redio nne, na kila iliyopona niliiwasha nikaiacha inaimba, zote nne kwa pamoja, na bado chumba kilikuwa kimya. Fundi viatu alikuja kuniuliza kama kuna msiba.

Nimempigia binti mara mbili leo. Mara ya kwanza nilisingizia natafuta bisibisi ndogo. Mara ya pili sikuwa na la kusingizia, nikamuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, tukaongea hadi chaji ikaniishia. Anasema ni siku ya ishirini na sita, na kwamba jana alikimbia na binamu zake hadi dukani na kurudi bila kusimama. Kama Mshauri anajua namna ya kumpigia mtoto mara ya tatu kwa siku bila kuonekana umemkumbuka, tafadhali aiandike upesi, maana harudi hadi Jumapili.

Lalamiko la saba naomba mlifute. Na kama wino utabaki, endeleeni kufuta hivyohivyo kwenda juu, kuanzia la sita hadi la kwanza.